Kikombe cha mililita 60

Kikombe chenyewe kilikuwa cha plastiki, rangi ya chungwa, cha aina ile wanayouza vitatu kwa pamoja pale sokoni Mgandini, Tanga. Nesi alikichora mstari kwa kalamu ya wino mweusi, chini kabisa, karibu na kitako. "Mwisho hapa," akasema. "Kila baada ya saa mbili, mchana na usiku. Msizidishe hata kidogo."

Mama yangu alikitazama kikombe, akamtazama mjukuu wake aliyelala na miguu imevimba, kisha akaniinamia sikioni. "Hivi hawa wanamlisha au wanamwonjesha?"

Sikuwa na la kumjibu. Tulikuwa tumetoka nyumbani na mtoto mwenye njaa ya miezi, tukakimbia naye kwa bajaji kutoka Makorora alfajiri, na sasa tunapimiwa maziwa mepesi kama maji yaliyooshewa mchele, kiasi ambacho paka angekimaliza kwa kulamba mara tatu. Nilikuwa na hasira. Imepita miaka minane, na nimesoma mengi tangu siku ile, kwa sababu nilitaka kujua kwa nini uji wangu mwenyewe, niliompikia kwa mapenzi, ulikaribia kumuua mtoto wa dada yangu, na yale maziwa ya kuonjeshwa yakamponya.

Nitamwita Zuhura. Ana ruhusa yangu kulikataa jina hili atakapokuwa mkubwa.

Alikuwa na mwaka 1 na miezi 10. Dada alipata mimba nyingine wakati Zuhura ana miezi 11, na wiki ileile akamwachisha ziwa. Akajipaka shubiri kwenye chuchu, mtoto akilia akaachwa alie. Kwetu huku pwani hilo halina mjadala: maziwa ya mama mwenye mimba yameharibika, ukimnyonyesha mtoto unambemenda. Dada alifanya alichofundishwa. Mimba ikawa nzito, akawa mtu wa kulala, Zuhura akapelekwa kwa bibi yake kijijini, upande wa Mkinga.

Kule hakulala njaa hata siku moja, na hilo ndilo linalowachanganya watu wengi. Alikula bada, ule ugali wa muhogo, kwa mchuzi wa kisamvu. Asubuhi alikunywa uji mweupe wenye sukari. Tumbo lilijaa. Lakini muhogo ni wanga mtupu, protini yake ni ya kutafuta kwa tochi, na mtoto wa umri ule hawezi kula kisamvu cha kumtosha hata ungempa siku nzima. Baada ya miezi michache mashavu yalijaa, miguu ikawa minene na kung'aa. Jirani mmoja alimwambia Mama kwamba mtoto ameanza kunawiri. Nywele ziligeuka nyekundunyekundu, nyepesi, zikawa zinang'oka kwa kupapaswa tu. Akaacha kucheza, halafu akaacha hata kulia. Mama aliniambia baadaye kwamba ukimya ule ndio uliomtisha, maana mtoto asiyelia ni kama nyumba isiyotoka moshi jioni.

Walikuwa wameshajaribu kila kitu kabla ya kunipigia simu. Bibi mmoja alisema ni mchango, akachemsha mizizi. Mwalimu wa madrasa aliandika kombe kwa zafarani, akanyweshwa siku 7. Na chini ya mkeka wa maneno yote hayo lilikuwepo lile neno jingine, linalosemwa kwa kunong'ona: amebemendwa. Maana yake kila mtu anaijua, kwamba mama au baba ametoka nje ya ndoa, au wamekutana kabla mtoto hajafika umri wa kuvumilia, na mtoto amebeba adhabu. Dada yangu aliishi na mnong'ono ule akiwa na mimba ya miezi minane. Sitausahau uso wake.

Nilipomleta mjini, nilijiona ndiye mwokozi. Mimi nina kazi, nina jiko la gesi, nasoma vipeperushi vya kliniki. Nilinunua unga wa lishe, ule wa mahindi, ulezi, soya na karanga, nikaukoroga kwa maziwa mazima, nikavunja yai ndani, nikaongeza kijiko cha siagi. Bakuli zito, lenye harufu nzuri. Zuhura hakutaka. Nikambembeleza, nikamshika kidevu, akameza nusu bakuli. Nililala nimeridhika.

Kufikia saa nane usiku alikuwa ameharisha mara 7. Choo cha maji matupu, chenye povu, kinanuka uchachu mkali kama togwa lililopitiliza, na ngozi ya makalio ikawa nyekundu imebabuka. Alfajiri nilimgusa mikono, ya baridi. Tumbo limefura kama ngoma. Macho yamefunguka nusu, hayamwangalii mtu.

Nesi wa zamu pale wodini, mama wa makamo, aliponisikia nikieleza orodha ya vitu nilivyotia kwenye uji, hakunifokea. Alibonyeza mguu wa Zuhura kwa kidole gumba, akahesabu polepole, akakiondoa. Shimo likabaki palepale kama kwenye unga uliokandwa. Akabonyeza na mguu wa pili. Kisha akaniambia, "Mama mdogo, wewe umefikiri tumbo la huyu ni debe tupu, ukalijaza. Debe lenyewe limetoboka."

Sentensi hiyo ndiyo iliyonifanya niandike makala hii. Karibu sote tunadhani njaa ni upungufu wa kitu fulani ndani ya chombo kizima: mtoto amekosa chakula, mpe chakula, mambo yatakaa sawa. Kumbe njaa ya muda mrefu inakila chombo chenyewe. Sehemu ya mwili inayotakiwa kupokea chakula ni miongoni mwa zile zinazoharibika mapema na vibaya zaidi.

Ukitaka kuelewa, nenda kaangalie mikoko ya Sahare au Tongoni maji yanapokupwa. Msitu ule unasimama juu ya mizizi elfu, na kila bahari inapojaa na kutoka, mizizi inakamata tope, majani, mayai ya samaki, kamba wadogo. Maji yanapita, rutuba inabaki. Ndivyo ulivyo utumbo mwembamba kwa ndani. Utando wake una vijidole vingi mno, kila kimoja hakifiki hata milimita 1 au kinaigusa kwa shida, vimesongamana kama mikoko, na juu ya kila kijidole kuna seli zenye vinyweleo vidogo zaidi. Chakula kilichosagwa kinapita katikati yake kama maji ya bamvua, na vijidole vinakamata sukari, protini, mafuta, madini, vinapeleka kwenye damu.

Seli hizo haziishi sana. Kila baada ya siku 3 hadi 5 hivi zinang'oka na mpya zinapanda kutoka chini. Ni kiwanda kisicholala, na kiwanda kinataka malighafi kila siku. Malighafi ikikosekana, zinazokufa haziwahiwi na zinazozaliwa. Vijidole vinapungua urefu, vinakuwa butu, kwa watoto wenye unyafuzi, yaani utapiamlo mkali wa kuvimba mwili, kama wa Zuhura, mara nyingine vinalala chini kabisa. Ukuta mzima wa utumbo unakuwa mwembamba. Mikoko imekatwa. Sasa mwaga uji wangu hapo: umepita moja kwa moja, na ukapita na maji ya mwili wa mtoto.

Lile povu na uchachu navyo vina maelezo yake. Sukari iliyomo kwenye maziwa, laktosi, inahitaji kimeng'enya chake ili ivunjwe, na kimeng'enya hicho kinakaa kwenye vinyweleo vya seli zilizokomaa, zile za kileleni mwa vijidole. Kilele kikishaondoka, laktosi inateremka nzima mpaka utumbo mpana, bakteria wa kule wanaifanyia karamu, wanatoa gesi na asidi. Gesi ndiyo ile ngoma tumboni. Asidi ndiyo iliyombabua makalio. Nilikuwa nimemtilia vikombe 2 vya maziwa mazima.

Na siyo utumbo peke yake. Kongosho, inayotoa vimeng'enya vya kusaga mafuta, wanga na protini, inasinyaa. Tumbo la chakula linapunguza asidi yake. Asidi hiyo kazi yake nyingine ni kuua vijidudu tunavyomeza, kwa hiyo ni kama mlinzi wa getini ameondoka. Bakteria wanaingia na kuhamia kwenye utumbo mwembamba ambako kwa kawaida huwa ni wachache, wanaiharibu nyongo, na nyongo ikiharibika mafuta hayasagiki. Siagi yangu hiyo. Ini nalo, kwa mtoto wa unyafuzi, limejaa mafuta kiasi cha kuvimba, halina nguvu ya kushughulikia protini nyingi kwa mkupuo. Yai langu hilo.

Kilichonitisha zaidi ni jambo ambalo nesi alilisema kwa kupita tu, akiwa anavuta dawa kwenye bomba la sindano: utumbo uliochubuka unavuja. Msitu wa mikoko ukishakatwa, bahari inaingia shambani. Bakteria na sumu zao wanapenya kutoka utumbo hadi kwenye damu, na mtoto ambaye kinga yake imechoka hana hata nguvu ya kupandisha homa. Unampima joto, unakuta la chini. Ndiyo maana miongozo ya Shirika la Afya Duniani inataka mtoto mwenye utapiamlo mkali aliyelazwa apewe antibiotiki hata kama haoneshi dalili ya maambukizi. Mama yangu alibisha kuhusu zile sindano, "homa hana, mnamchoma za nini?" Alikuwa na haki ya kuuliza.

Mwaka 1996 watafiti wawili, Schofield na Ashworth, walikusanya ripoti za hospitali za nchi mbalimbali kwa miongo mitano na kuuliza kwa nini vifo vya watoto wa aina hii havipungui. Karibu mtoto 1 kati ya 4 au 5 waliolazwa alikufa, miaka ya hamsini na miaka ya tisini vilevile. Sababu kubwa waliyoitaja ni namna ya kuwahudumia: chakula chenye protini nyingi mapema mno, maji ya dripu kwa mtoto asiyeyahitaji, dawa za kukojosha ili kupunguza uvimbe, chumvi ya chuma siku ya kwanza. Watoto waliokwishafika mahali pa kupona walikuwa wakiuawa na wema. Miaka mitatu baadaye, 1999, Shirika la Afya Duniani lilitoa mwongozo wa hatua kwa hatua, na mahali ulipofuatwa vizuri vifo viliweza kushuka chini ya 5 kwa kila 100.

Maziwa ya kikombe chetu ni sehemu ya mwongozo huo. Yanaitwa F-75, kwa sababu kila mililita 100 zina kalori 75. Protini yake ni ndogo, chini ya gramu 1, laktosi imepunguzwa, hayana madini ya chuma. Kazi yake si kumnenepesha mtoto. Kazi yake ni kumweka hai huku mikoko ikiota. Zuhura alikuwa na kilo 7, na kwa sababu uvimbe wake ulikuwa mkubwa alihesabiwa mililita 100 kwa kila kilo kwa siku. Mililita 700, gawa kwa milo 12. Hesabu ya mstari mweusi kwenye kikombe ni hiyo.

Kwa nini usiku pia? Kwa sababu ini lililochoka halina akiba. Saa chache bila kitu, sukari ya damu inashuka, joto linashuka, na mtoto anaondoka kimyakimya kabla ya adhana ya alfajiri. Vifo vingi vya wodi hizi ni vya usiku. Na kwa nini kwa mdomo, au kwa mpira wa puani akishindwa, badala ya kumtundikia dripu kama tunavyopenda kuona? Moyo wake umedhoofika, maji mengi kwenye mshipa yanaweza kuuzidi nguvu. Halafu kuna hili ambalo naliona zuri kuliko yote niliyosoma: seli za utando wa utumbo hula moja kwa moja kutoka kwenye chakula kinachopita juu yake. Utumbo usiopitiwa na kitu unaendelea kusinyaa. Kwa hiyo zile mililita 60 zilikuwa zinaulisha utumbo kwanza, ndipo utumbo uje umlishe mtoto.

Tuligawana zamu. Mama alichukua saa nne usiku, saa sita na saa nane. Mimi saa kumi mpaka asubuhi kabla sijaenda kazini. Kumpa mtoto asiyetaka kunywa mililita 60 kunachukua nusu saa. Unampakata ameinuka, unamgusisha ukingo wa kikombe kwenye mdomo, unangoja ameze, unangoja tena. Upepo wa bahari unaingia dirishani, kule bandarini taa zinawaka, wodi nzima ya kina mama iko macho, kila mmoja na kikombe chake. Hatukuzungumza sana. Mwanamke wa kitanda cha pili, kutoka upande wa Pangani, alikuwa akimwimbia mwanawe kwa sauti ya puani mpaka maziwa yaishe.

Siku ya nne uvimbe ulianza kushuka. Siku ya tisa Zuhura alikuwa na kilo 6.1, na Mama akaangua kilio. Wiki nzima hospitalini mtoto amepungua! Alitaka tuondoke. Nesi alimkalisha kitako na kumweleza kwamba zile gramu 900 zilizotoweka yalikuwa maji, maji yaliyokaa mahali pasipo pake, na sasa figo na mwili mzima umepata nguvu ya kuyatoa. Kilichobaki kitandani ndiye Zuhura halisi. Alikuwa mifupa na ngozi. Tulikuwa tukitembea na mtoto mwenye ukondefu wa kutisha kwa miezi, na watu wanatuambia amenawiri.

Asubuhi ya siku ya kumi na moja alikishika kikombe kwa mikono yake miwili na hakutaka kukiachia kilipokuwa tupu. Hamu ya chakula imerudi. Wauguzi wanaingoja ishara hiyo kama mvuvi anavyongoja kaskazi itulie, maana ndiyo inayosema kwamba ndani kumeanza kukaa sawa. Hapo ndipo wakabadilisha maziwa, wakampa F-100, yenye nguvu zaidi, taratibu siku hadi siku, kisha chakula dawa cha karanga kwenye pakiti. Hata hapo haraka ni hatari. Mwili uliofunga kwa muda mrefu ukipokea chakula kingi ghafla, madini kama fosfeti na potasiamu yanakimbilia ndani ya seli na kuiacha damu mikono mitupu, na moyo unaweza kusimama.

Ile pakiti ya karanga ilibuniwa mwaka 1996 na Mfaransa André Briend pamoja na Michel Lescanne. Karanga, maziwa ya unga, mafuta, sukari, vitamini na madini. Haihitaji maji wala kupikwa, haiozi upesi, na pakiti moja ina kalori 500. Ndiyo iliyowezesha watoto wengi kutibiwa nyumbani badala ya kulazwa. Tulirudi nayo Makorora, na watoto wa jirani walikuja kuchungulia, maana ni tamu kweli. Nilikuwa mkali kwa hilo. Ni dawa, hugawi vidonge vya mgonjwa kwa majirani.

Sasa kuhusu lile neno la kunong'ona. Mwaka 1933 daktari mzaliwa wa Jamaika, Cicely Williams, akifanya kazi Gold Coast, yaani Ghana ya leo, aliandika juu ya watoto wenye miguu iliyovimba na ngozi inayobanduka. Mwaka 1935 akaupa ugonjwa jina ambalo kina mama wa Kiga, yaani wa kabila la Waga wa Accra, walikuwa wakilitumia: kwashiorkor, huu tunaouita unyafuzi, ugonjwa unaompata mtoto aliyetolewa nafasi yake pale mdogo wake anapokuja. Nilipolisoma hilo niliweka simu chini. Kina mama wa Kiga na kina bibi wa Tanga waliona kitu kilekile, mimba mpya na mtoto wa kwanza anayefifia. Waga walikipa jina linalomhurumia mtoto aliyesukumwa pembeni. Sisi tukakipa jina linalomnyooshea kidole mama yake na chumba chake cha kulala. Uchunguzi ulikuwa sahihi, hukumu ndiyo mbaya, na hukumu hiyo ilimfanya dada yangu amfiche mtoto ndani wiki nyingi kabla ya kuomba msaada. Maziwa ya mama mjamzito hayana sumu. Laiti Zuhura angeendelea kunyonya walau mara chache kwa siku.

Bado kuna fumbo, na sitaki kujifanya halipo. Mtoto mmoja anavimba, ndugu yake anayekula sufuria moja naye havimbi. Protini ndogo peke yake haitoshi kueleza. Huko Malawi watafiti walifuatilia jozi 317 za mapacha, na mwaka 2013 wakaonesha kitu cha ajabu: walichukua bakteria wa utumbo wa pacha mwenye unyafuzi na wa mwenzake mzima, wakawapandikiza kwenye panya wasio na bakteria wowote, wakawalisha chakula cha Kimalawi. Baadhi ya panya waliopewa bakteria wa pacha mgonjwa walikonda vibaya. Mwaka uliofuata kundi hilohilo la Jeffrey Gordon, la Marekani, likaonesha kwa watoto wa Bangladesh kwamba jamii ya bakteria ya mtoto mwenye utapiamlo mkali hubaki changa kuliko umri wake, na kwamba vyakula dawa vinaikuza kwa muda tu. Mtoto ana miaka 2, bustani ya tumbo lake ina miezi michache.

Kutokana na hapo walitafuta vyakula vinavyoikuza bustani yenyewe. Mwaka 2021 walichapisha matokeo kutoka Dhaka, kwa watoto wenye utapiamlo wa kati: mchanganyiko wa dengu, soya, karanga na ndizi mbichi ulileta ongezeko bora la uzito kuliko chakula cha nyongeza kilichozoeleka, ingawa kalori zake zilikuwa pungufu. Nilimsomea Mama. Akasema, "Ndizi mbichi? Hizi zetu za kupika na nazi?" Ndiyo, Mama, hizo, bila nazi. Lakini naomba mtu asikimbilie jikoni. Ule ni mchanganyiko uliopimwa kwa gramu, na haukuwa kwa mtoto aliyevimba miguu.

Zuhura alirudi wodini mara moja, miezi mitatu baadaye, kwa kuharisha. Nilishangaa wakati ule, sasa sishangai. Uzito unarudi mapema kuliko utumbo. Mtoto anaonekana mzima kwenye mizani huku ndani bado kunashonwa. Na uwanja anaochezea ni uleule, wenye kuku na vinyesi vyao, maji ya kisima kifupi, shimo la choo karibu. Utumbo wa mtoto anayemeza vijidudu kila siku hubaki na uvimbe wa chinichini, vijidole vinabaki vifupi hata asipoharisha. Wengi wa watoto waliodumaa nchini, na mwaka 2022 walikuwa 30 kati ya kila 100 walio chini ya miaka 5, hawajawahi kulazwa wala kuitwa wagonjwa. Kuna na unga wa lishe wenyewe: mahindi na karanga zilizovunda kwenye unyevu wetu huu wa pwani hubeba sumukuvu. Sumu hiyo iliua watu Dodoma na Manyara mwaka 2016, tena kule ni kukavu. Mimi siku hizi nachambua karanga punje kwa punje, iliyosinyaa au yenye doa la kijani naitupa, na unga nasagisha mwenyewe kidogo kidogo.

Zuhura yuko darasa la tatu. Ni mfupi kwa wenzake kwa kichwa kizima, anakimbia kama swala, na mchuzi wa pweza hamwachii mtu. Mdogo wake, yule aliyekuwa tumboni, amemzidi urefu.

Mwezi uliopita nilikwenda Mkinga kumjulia hali Mama. Mchana, mwanamke kijana wa nyumba ya tatu alikuja amembeba mtoto, akasema anataka dawa ya mchango, kwa maana Mama anajulikana kuwa na mizizi. Mtoto alikuwa kimya, mashavu yamejaa. Mama hakugusa mizizi. Alimketisha yule binti kwenye mkeka, akauvuta mguu wa mtoto mapajani kwake, akabonyeza juu ya unyayo kwa kidole gumba. Nilimsikia akihesabu kwa mnong'ono, moja, mbili, tatu. Akabonyeza na wa pili.

"Umempa nini leo?" akauliza.

"Hajala, bibi. Nilitaka nimkorogee uji mzito."

"Usimkorogee." Akanigeukia. "Mwite wa bodaboda, mwambie ni hospitali, asije na maneno ya bei." Kisha akaingia ndani, akatoka na kikombe cha rangi ya chungwa, kimefifia, mstari mweusi ameurudishia yeye mwenyewe kwa mkaa. Akatia kijiko kidogo cha sukari, akamimina maji yaliyochemshwa mpaka chini kidogo ya mstari, akakoroga. Akampa yule binti, akamwonesha jinsi ya kumwinua mtoto.

"Kidogo kidogo," akamwambia. "Ngoja ameze. Huyu hajabemendwa na mtu. Ngoja ameze."